Kubadilisha Madirisha Duni ya Nyumba: Mwongozo Kamili wa Kuchunguza, Kuchagua, Kupima na Kufunga

Dirisha duni hujifichua siku ya mvua ya upepo, pale maji yanapochirizika ukutani chini ya kizingiti huku kioo chenyewe kikiwa kizima na fremu ikionekana imara. Mwenye nyumba akiona hivyo hukilaumu kioo, au huilaumu alumini, kisha huagiza dirisha la bei kubwa zaidi ambalo fundi hulifunga kwa namna ile ile ya kwanza, na mvua zikirudi, doa la unyevu nalo hurudi mahali pale pale. Dirisha lina sehemu tatu: kioo, fremu, na kiungo kati ya fremu na ukuta. Sehemu hii ya tatu haiuzwi dukani, na ikishapigwa lipu haionekani tena, lakini ndiyo inayoamua kama fedha iliyotumika katika zile mbili imeleta faida. Kwa sababu hiyo nimeipa nafasi kubwa katika mwongozo huu, ingawa wauzaji wengi hawaitaji kabisa.

Chunguza kilichoharibika kabla ya kuagiza

Tenga siku mbili au tatu za kulichunguza kila dirisha peke yake, kwa kuwa madirisha ya nyumba moja, hata kama yalifungwa na fundi mmoja kwa siku moja, hayaharibiki kwa namna moja. Kipimo cha kwanza ni cha karatasi. Fungua bawa, yaani ile sehemu ya dirisha inayofunguka, weka ukanda wa karatasi kati yake na fremu, funga, kisha vuta. Karatasi ikitoka bila kukinza, raba haibani mahali hapo. Rudia kila baada ya upana wa kiganja kulizunguka bawa lote, na uweke alama ya penseli kila panapolegea.

Kipimo cha pili ni cha moshi. Siku yenye upepo, funga milango na madirisha yote, washa kijiti cha udi, ukipitishe polepole kwanza kwenye kiungo cha bawa na fremu, kisha kwenye kiungo cha fremu na ukuta. Moshi ukiyumba kwenye kiungo cha kwanza, tatizo liko kwenye raba, bawaba au komeo. Ukiyumba kwenye kiungo cha pili, tatizo ni ufungaji, na huenda dirisha lenyewe halina kosa lolote.

Kipimo cha tatu ni cha maji, nacho huhitaji watu wawili, mmoja nje akiwa na mpira wa maji na mwingine ndani akiwa na tochi. Anza kumwagia chini ya dirisha kwa dakika chache, kisha panda ubavuni, na umalizie juu. Wengi huanza juu, na hilo ni kosa, kwa sababu maji yakishaanza kuteremka hulowesha kila kiungo na mtu aliye ndani hawezi tena kujua yalipoingilia.

Baada ya hapo angalia hali ya fremu. Fremu ya mbao ichokonoe kwa bisibisi kwenye pembe za chini, mahali ambapo maji hutuama. Bisibisi ikizama kama inayoingia kwenye mkate, mbao imeoza hata kama rangi ya juu inang'aa. Fremu ya chuma huharibika kwa kutu inayofura, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hukisukuma kioo hadi kikapasuka bila kuguswa na mtu. Kwenye alumini tazama viungo vya pembeni vilivyoachana, unga mweupe kwenye uso wa fremu, na skrubu zilizoshika kutu. Dirisha likiwa na vioo pacha, yaani vioo viwili vilivyofungwa pamoja vikiwa na nafasi ya hewa katikati, ukungu usiofutika kwa kitambaa kutoka upande wowote ni dalili kwamba ufungaji wa ukingo wake umeachia.

Uchunguzi huu unaweza kukuokolea fedha nyingi. Raba zilizokauka, magurudumu ya dirisha la kuteleza, bawaba zilizolegea na makomeo yaliyochakaa hubadilishwa bila kugusa fremu. Vioo pacha vilivyoingia ukungu huagizwa upya na kuwekwa katika fremu ile ile iwapo ingali nzima. Hata dirisha linalovujisha maji kwenye kiungo cha ukuta mara nyingine huhitaji tu kukwanguliwa uzibaji wa zamani na kuzibwa upya ipasavyo. Badilisha dirisha zima pale ambapo fremu imeoza, imepinda, imekula kutu hadi ndani, au pale ambapo ilitengenezwa nyembamba kiasi kwamba bawa linatikisika hata likiwa limefungwa.

Kuchagua fremu

Mbao hupitisha joto kidogo, haipigi kelele, na hurekebishika na fundi yeyote mwenye randa na msumeno. Udhaifu wake ni kwamba hufura na kusinyaa kufuata unyevu, hasa kwa upana wake, na hudai rangi au mafuta kila baada ya miaka michache. Chuma kina nguvu na huruhusu fremu nyembamba zenye kioo kikubwa, lakini mahali palipokatwa au kuchomelewa bila kupakwa rangi ya kuzuia kutu ndipo uharibifu unapoanzia.

Alumini haiozi wala haishiki kutu nyekundu, ni nyepesi, na ndiyo sababu imeenea sana. Ina kasoro moja kubwa: hupitisha joto mamia ya mara kuliko mbao au plastiki ngumu ya PVC. Mahali penye baridi kali, fremu ya alumini tupu hutoa jasho kwa ndani na kulowesha ukuta. Dawa yake ni alumini iliyokatwa katikati kwa ukanda wa plastiki unaotenga upande wa ndani na wa nje. Penye joto la wastani mwaka mzima ukanda huo si wa lazima, na sioni haja ya kuulipia. Linalohitaji kukaguliwa zaidi ni unene wa bati la alumini lenyewe. Omba kipande cha mabaki kilichokatwa, upime ukuta wake kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Milimita 1.4 ni unene ninaouamini kwa dirisha la kawaida. Ukiwa chini ya milimita 1, skrubu za bawaba hazina cha kushika, na baada ya muda matundu yake hupanuka. Rangi ya unga iliyookwa juu ya alumini inatakiwa iwe na unene wa wastani wa maikroni 60 (milimita 0.06) au zaidi.

PVC huzuia joto vizuri na haihitaji rangi, ila yenyewe ni laini, hivyo fremu kubwa lazima ziwe na chuma kilichopakwa zinki ndani ya matundu yake. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha chuma hicho kwenye kipande kilichokatwa anauza ganda. PVC pia hutanuka sana. Chukua fremu yenye urefu wa mita 1.5, na tofauti ya joto ya nyuzi 40 kati ya alfajiri yenye baridi na mchana wa jua kali linaloipiga fremu moja kwa moja: chuma kitatanuka kwa milimita 0.7 hivi, alumini kwa milimita 1.4, na PVC kwa milimita 4 hivi. Fremu iliyobanwa ukutani pande zote bila nafasi haina pa kwenda ila kupinda, na bawa lililokuwa likifunga asubuhi hukwama mchana. Takwimu hizi zikumbuke tutakapofika kwenye kupima.

Namna dirisha linavyofunguka nayo ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Dirisha la bawaba hufunga kwa kuibana raba, kwa hiyo huzuia upepo, vumbi, maji na kelele kuliko dirisha la kuteleza, ambalo kwa kawaida hutegemea brashi laini ili liweze kusogea. La kuteleza nalo halichukui nafasi likifunguliwa, lakini hufungua nusu tu ya upana wake. Dirisha la luva hupitisha hewa karibu kwa eneo lake lote na huzuia kelele kidogo sana. Libakize jikoni au bafuni ikiwa hewa ndiyo haja yako kuu. Chumba chenye kelele ya barabara kinahitaji bawaba.

Kuchagua kioo

Uwezo wa dirisha kupitisha joto hupimwa kwa kipimo kinachoandikwa kwa herufi U, na kadiri namba yake inavyokuwa ndogo ndivyo joto linavyopita kidogo. Kioo kimoja cha kawaida kina kipimo cha karibu 5.7. Vioo pacha vyenye hewa kavu katikati hushuka hadi karibu 2.8. Vikiongezewa utando mwembamba sana wa madini unaorudisha joto, na gesi ya agoni badala ya hewa, hufika karibu 1.1. Hatua ya pili kati ya hizi, yaani utando na gesi, huleta punguzo kubwa kwa vioo vile vile viwili, kwa hiyo anayeishi penye baridi asinunue vioo pacha vitupu akidhani amemaliza.

Anayeishi penye jua kali ana shida nyingine. Joto linalomsumbua haliji kwa kupenya kidogo kidogo kwenye kioo. Linaingia na miale ya jua yenyewe, na kioo cheupe cha kawaida huruhusu zaidi ya asilimia 80 ya nguvu hiyo. Huyu atafute kioo chenye utando unaozuia joto la jua, na kabla ya hapo aweke kivuli kwa nje, kwa sababu pazia la ndani hulipokea joto likiwa limeshaingia chumbani.

Kuhusu kelele, vioo viwili vyenye unene tofauti, kwa mfano milimita 6 na milimita 4, huzuia sauti vizuri kuliko viwili vilivyo sawa, maana kila unene una sauti yake unayoipitisha kwa wepesi. Kioo kilichogandishwa, ambacho ni vioo viwili vilivyoshikamanishwa na utando wa plastiki katikati, huzuia sauti zaidi, huzuia karibu miale yote ya urujuanimno, ambayo huchangia kufifisha rangi za samani, na kikivunjika vipande hubaki vimeshikilia utando badala ya kumwagika.

Kioo kilichoimarishwa kwa moto hustahimili pigo mara 4 hadi 5 kuliko cha kawaida, na kikivunjika hugeuka chembe ndogo zisizo na ncha ndefu. Hakikatiki wala kutobolewa baada ya kuimarishwa, kwa hiyo kosa la kipimo halisahihishwi, kioo hutupwa. Tumia kimojawapo kati ya hivi viwili, kilichogandishwa au kilichoimarishwa, bafuni, karibu na milango, kwenye ngazi, na popote kioo kinapoanzia chini ya sentimita 80 kutoka sakafuni. Kioo cha kweli kilichoimarishwa huwa na muhuri wa mtengenezaji uliochorwa pembeni usiofutika. Usipouona, usikubali maneno matupu.

Piga pia hesabu ya uzito. Kila mita moja ya mraba ya kioo ina kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene. Bawa lenye vioo pacha vya milimita 4 na 4 katika eneo la mita moja ya mraba hubeba kilo 20 za kioo pekee, na bawaba zilizotengenezwa kwa kioo kimoja cha milimita 4 zitalegea upesi. Kuweka kioo kizito katika fremu ya zamani bila kubadilisha bawaba ni kununua tatizo jipya.

Kupima

Pima upana wa tundu mahali patatu: juu, katikati na chini. Pima kimo mahali patatu pia: kushoto, katikati na kulia. Kisha pima ulalo, kutoka pembe hadi pembe, mara zote mbili; ulalo mmoja ukimzidi mwenzake kwa zaidi ya milimita 6, tundu limekwenda upande na litahitaji kunyooshwa kwa lipu kabla ya kufunga. Pima kutoka kwenye tofali au zege, si kutoka kwenye lipu inayobomoka wala kutoka kwenye fremu ya zamani, ambayo huenda imefunika sentimita kadhaa za ukuta. Ikibidi, bomoa kipande kidogo cha lipu kando ya fremu ili uone ukuta wenyewe unaanzia wapi.

Kutoka kwenye kipimo kidogo kuliko vyote vya upana, toa milimita 10 kwa fremu ya alumini au mbao, na milimita 10 hadi 15 kwa PVC. Fanya vivyo hivyo kwa kimo. Nafasi inayobaki si uzembe wa fundi. Ndimo kabari zitakamokaa, ndimo povu na uzibaji vitakamoingia, na ndimo fremu itakamotanukia. Mafundi wanaojisifu kwamba fremu yao imeingia ukutani bila kubakiza hata upenyo wa wembe ndio wanaoacha nyuma madirisha yanayokwama.

Yape madirisha namba, na uandike kila namba kwenye karatasi na kwenye ukuta. Nalisema hili kwa sababu niliwahi kupima dirisha moja kati ya manne yaliyoonekana sawa, nikaagiza manne ya kipimo hicho, na mawili hayakuingia. Tofauti ilikuwa sentimita mbili tu, nayo ilitosha kunifanya nivunje ukuta ambao haukuwa na kosa.

Dirisha la chumba cha kulala lifikirie pia kama njia ya kutokea moto ukizuka. Tundu linalofunguka liwe na angalau mita za mraba 0.33 na upande wowote usipungue milimita 450, vipimo ambavyo kanuni za ujenzi za Uingereza huvidai, na grili ya usalama, kama ipo, iwe na sehemu inayofunguka kutoka ndani bila kutafuta ufunguo gizani.

Katika maandishi ya kuagiza taja aina ya fremu na unene wake, aina ya kioo na unene wake, upande wa kufungukia ukitazamwa kutoka ndani, aina ya skrubu, wavu wa mbu, na nani atalipia kioo kikija na kipimo kibaya. Skrubu za nje ziwe za chuma cha pua, na penye hewa ya bahari ziwe za daraja la 316. Skrubu ya chuma cha kawaida ikigusana na alumini penye unyevu wa chumvi huifanya alumini iliyoizunguka iliwe.

Kung'oa la zamani

Usianze kung'oa kabla madirisha mapya hayajafika na kupimwa moja moja. Siku ya kazi ng'oa yale tu utakayoweza kufunga kabla ya giza.

Vaa miwani ya kinga, glavu nene na viatu vilivyofunika mguu. Rangi ya nyumba ya zamani huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na puti ya zamani mara nyingine ina asbesto, yaani nyuzi zinazodhuru mapafu, kwa hiyo usizikwangue kavu. Zilowanishe, funika sakafu kwa nailoni, watoto na wajawazito wasiwepo, na taka zifungwe ndani ya mfuko. Ondoa mabawa kwanza, kisha vioo visivyofunguka. Kioo ambacho hakitoki kibandike utepe kwa mistari iliyopishana ili kikivunjika kisitawanyike.

Kabla ya kugusa fremu yenyewe, tazama juu yake. Ukuta uliojengwa vizuri una linta ya zege, chuma au mbao inayobeba uzito wa juu. Katika nyumba za zamani linta inaweza kuwa haipo kabisa, na fremu ndiyo iliyokuwa ikibeba matofali kwa miaka yote hiyo. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka pembe za juu za dirisha, au fremu iliyobonyea katikati ya upande wa juu, ni onyo: simamisha kazi, weka nguzo za kuegemeza, na mwite mtaalamu wa ujenzi.

Fremu ikiwa haibebi kitu, kata lipu kuizunguka kwa kisu au mashine ili isibanduke kwa vipande vikubwa, tafuta skrubu au vyuma vilivyoishikilia na uvikate. Kisha kata upande wa chini wa fremu mahali pawili, ondoa kipande cha katikati, na zile pande nyingine uzivutie ndani ya tundu. Kuisukuma fremu nzima kwa nyundo kutoka upande mmoja huonekana haraka, lakini huondoka na kingo za ukuta.

Kuliandaa tundu

Safisha vumbi lote, bomoa lipu iliyolegea, na ujaze mashimo kwa mchanganyiko wa saruji na mchanga. Hatua inayofuata hurukwa sana. Upande wa chini wa tundu uteremke kidogo kuelekea nje, kiasi cha nyuzi 5 hadi 10, ili maji yoyote yatakayopita uzibaji wa kwanza yarudi nje badala ya kutafuta njia ya chumbani. Juu ya mteremko huo tandaza utando usiopitisha maji, uupandishe sentimita kama 10 kwenye miimo, yaani pande za wima, ya kushoto na kulia, na pia kwenye ukingo wa ndani, upate kitu mfano wa sinia iliyo wazi kwa nje. Uzibaji wa nje utachakaa siku moja, jua halina rafiki; sinia hii ndiyo itakayolinda ukuta siku hiyo.

Kizingiti cha nje kinapaswa kutokeza sentimita 3 hadi 5 kupita uso wa ukuta, na chini ya ukingo wake kiwe na mfereji mdogo. Tone la maji likifika kwenye mfereji hudondoka, badala ya kutambaa chini ya kizingiti na kurudi ukutani.

Saruji iachwe ikauke. Siku moja haitoshi pale ulipojaza kwa unene.

Kufunga

Weka kabari mbili za plastiki ngumu chini, karibu na pembe lakini si pembeni kabisa, kisha simamisha fremu juu yake. Tumia pimamaji kuhakikisha upande wa chini umelala sawa. Kwa miimo tumia pimamaji ndefu au timazi, na ipime kwa nyuso mbili: kwamba haijaegemea kushoto au kulia, na kwamba haijaegemea ndani au nje. Wengi hupima uso wa kwanza tu, halafu hushangaa kwa nini bawa hujifungua lenyewe. Pima ulalo mara mbili. Sasa tofauti isizidi milimita 2.

Ingiza kabari za pembeni mahali pale pale skrubu zitakapopita. Skrubu ya kwanza iwe sentimita 15 hivi kutoka kila pembe, na zinazofuata zisiachane kwa zaidi ya sentimita 60. Toboa ukuta kwa keekee, ingiza plagi, kaza skrubu kidogo tu, kisha rudi kwenye pimamaji na ulalo upya kabla ya kukaza kabisa. Skrubu isiyo na kabari nyuma yake huuvuta mwimo kuelekea ukutani, na dirisha lililokuwa mraba hugeuka pipa. Kwenye dirisha la kuteleza epuka kutoboa reli ya chini, kwa kuwa humo ndimo maji hukusanyika kabla ya kutoka. Ikiwa hakuna budi, jaza tundu kwa silikoni kabla ya kuingiza skrubu na uifunike tena baada ya kukaza.

Kioo kisikae juu ya fremu moja kwa moja. Chini yake huwekwa vipande viwili vya plastiki au raba ngumu, kila kimoja kwa umbali wa robo ya upana kutoka pembe, bila kuziba matundu ya kutolea maji. Katika bawa la bawaba kuna siri moja ambayo mafundi wazuri huijua: vipande vya kubana huwekwa kwa ulalo, kimoja chini upande wa bawaba na kingine juu upande wa komeo, hivi kwamba kioo chenyewe, ambacho hakipindi, hulishikilia bawa lisilegee. Bawa linaloanza kukwaruza fremu kwa chini miezi michache baada ya kufungwa karibu kila mara halikuwekwa vipande hivi.

Kuziba

Uzibaji mzuri una matabaka matatu. Katikati hujazwa povu la poliuretani. Chagua lile linalofura kidogo lililotengenezwa kwa madirisha na milango, kwa maana povu la kawaida lina nguvu ya kuupinda mwimo wa PVC au alumini nyembamba. Nyunyizia kingo za ukuta maji kidogo, jaza nusu tu ya nafasi, na uliache dirisha likiwa limefungwa hadi povu likauke. Kisha kata ziada kwa kisu. Povu lisiachwe wazi, kwani jua huligeuza unga.

Tabaka la ndani lizuie hewa na mvuke wa chumbani visiingie kwenye povu. Tabaka la nje lizuie mvua, lakini lisiwe la kubana kuliko la ndani, ili unyevu ulioponyoka uweze kutoka. Kwa nje, kwanza sukuma kamba ya sponji ndani ya upenyo, halafu paka silikoni juu yake kwa kina cha nusu ya upana wa upenyo. Kamba hiyo ina kazi mbili: inapunguza silikoni inayotumika, na inaifanya ishike pande mbili tu, fremu na ukuta. Silikoni iliyoshika pia sakafu ya upenyo hushindwa kunyumbuka na huchanika.

Silikoni inayonuka kama siki usiitumie hapa. Asidi yake huishambulia metali na haishikani vizuri na saruji. Tafuta iliyoandikwa kuwa haina asidi. Chokaa na saruji mbichi nazo huunguza alumini na kuacha madoa kwenye kioo, kwa hiyo lipu ya kumalizia ipigwe fremu ikiwa imefunikwa, na tone lolote lifutwe kwa maji mengi likiwa bado bichi. Nailoni ya kinga inayokuja na fremu ibanduliwe mara kazi inapokwisha, maana ikikaangwa na jua kwa miezi haitoki tena bila kukwanguliwa.

Kulipokea kutoka kwa fundi

Fungua na ufunge kila bawa mara kumi. Liache nusu wazi, lisisogee lenyewe. Rudia kipimo cha karatasi na cha moshi kulizunguka kila dirisha jipya, kama ulivyofanya mwanzoni. Mimina kikombe cha maji kwenye reli ya chini na uhakikishe yanatokea nje kwenye matundu yake. Ukiwa umenunua vioo pacha vyenye utando, washa kiberiti mbele ya kioo usiku: utaona miali minne ya moto, mmoja kwa kila uso wa kioo, na mmoja wao utakuwa na rangi tofauti na mingine. Miali yote ikiwa ya rangi moja, hukupewa ulichokilipia. Baada ya silikoni kukauka kabisa, rudia kipimo cha mpira wa maji kuanzia chini kwenda juu, na kiasi cha mwisho cha malipo kilipwe baada ya hapo.

Chumba ambacho sasa hakipenyezi hewa kitahitaji kufunguliwa madirisha kwa makusudi kila siku, hasa jikoni na bafuni. Unyevu uliokuwa ukitokea kwenye nyufa hauna tena njia, na ukungu mweusi pembeni mwa dari hutokea miezi ya kwanza kwa wasiolijua hili. Mara mbili kwa mwaka safisha reli na matundu ya maji, tia bawaba tone la mafuta, na upitishe kidole juu ya silikoni ya nje, hasa kwenye pembe za chini, kuona kama imeanza kuachana na ukuta.